Barua Kutoka Capri

Wanafunzi wengi wanajua jinsi Julius Caesar alivyouawa kwa visu vya rafiki zake. Ni wachache waliopata kusikia habari za Sejanus, ambaye miaka sabini na minne baadaye aliangushwa katika mji ule ule wa Rumi kwa barua tu.

Lucius Aelius Sejanus alizaliwa Volsinii, kaskazini mwa Rumi. Hakuwa mtu wa ukoo mkuu. Baba yake alikuwa jemadari wa askari waliomlinda Kaisari, na Tiberius alipoingia kutawala mwaka 14 B.K. alimweka Sejanus awe mwenzi wa baba yake katika kazi hiyo. Punde baba akapelekwa Misri kuwa liwali, mwana akabaki peke yake.

Hapo ndipo akili yake ilipodhihirika. Vikosi vya walinzi vilikuwa vimetawanyika huku na huku. Yeye akavikusanya katika kambi moja ukingoni mwa mji, akawaita askari kwa majina yao, akachagua mwenyewe maofisa wao. Alisema kuwa ataka nidhamu. Huenda ilikuwa kweli, lakini wazee wa Seneti walipoziona kuta za kambi ile hawakuhitaji mkalimani.

Mwaka 23 Drusus, mwana wa Kaisari, aliyemchukia sana Sejanus, akafariki. Baada ya miaka minane Apicata, mtalaka wa Sejanus, alitoa habari kwamba Drusus alitiliwa sumu. Lakini ushahidi wa mtalaka aliyekwisha kufiwa na mwana, mimi naupokea kwa tahadhari.

Mwaka 26 Tiberius aliondoka Rumi. Siku moja walipokuwa wakila pangoni, mawe yaliporomoka, watumishi wakakimbia. Sejanus akamkinga bwana wake kwa mwili wake. Tangu siku ile Kaisari hakumshuku tena kwa muda mrefu. Mwaka uliofuata akahamia kisiwa cha Capri, na Sejanus akawa bawabu wa dola nzima, maana barua za Kaisari zilipita mikononi mwa askari wake. Adui zake wakashtakiwa uhaini mmoja baada ya mwingine. Sanamu zake zikasimamishwa, na mwaka 31 akawa konsuli pamoja na Kaisari mwenyewe.

Mwaka huo huo Tiberius alianza kumwogopa. Yasemekana Antonia, mke wa marehemu ndugu yake, ndiye aliyempelekea onyo kwa siri. Lakini mtu mwenye askari maelfu hakamatwi hadharani, basi mzee yule akatumia hila. Alimteua Macro kuwa jemadari mpya pasipo mtu kujua, akampa barua.

Alfajiri ya tarehe 18 Oktoba Macro alimkuta Sejanus mbele ya hekalu la Apollo, ambamo Seneti ilikuwa ikikutana. Akamnong'oneza kwamba barua yaleta cheo kipya. Sejanus akaingia kwa furaha. Huko nje Macro akawaonyesha walinzi amri ya Kaisari, akawarudisha kambini. Mahali pao wakasimama askari wa zamu ya usiku, ambao kazi yao nyingine ilikuwa kuzima moto.

Barua ilikuwa ndefu. Ilitaja jambo hili, ikarukia lile, ikamlaumu Sejanus kidogo, ikaacha, ikamlaumu tena. Kadiri ilivyosomwa, wazee waliokuwa wamejipanga karibu naye walihama viti vyao mmoja mmoja. Mwishoni ikaamuru awekwe chini ya ulinzi. Konsuli akamwita mara ya kwanza na ya pili, naye hakuinuka. Si kwa jeuri, bali alikwisha sahau kuamriwa. Alipoitwa mara ya tatu aliuliza kama ni yeye aitwaye.

Jioni alikuwa amekwisha nyongwa. Maiti yake iliburutwa siku tatu na watu walewale waliokuwa wakiapa kwa jina lake, kisha ikatupwa katika mto Tiber. Hata watoto wake waliuawa. Sanamu zake zilivunjwa, na jina lake likafutwa penye maandishi. Huko Bilbilis, mji wa Hispania, zilipigwa sarafu za mwaka ule wa ukonsuli wake. Baadhi yazo zingaliko, jina la Tiberius lasomeka upande mmoja, na upande wa pili jina la mwenziwe limekwanguliwa.