Kabla ya king'amuzi, palikuwa na mtu juu ya paa

Waliokulia Pemba enzi za runinga ya antena wanaijua kazi hii. Mmoja yuko nje anazungusha mlingoti, mwingine dirishani anapiga kelele: "Hapo hapo! Aa, ushaipoteza! Rudi nyuma!" Chenga zikiondoka hubaki kivuli: msomaji wa habari na pacha wake aliyefifia ubavuni.

Chenga ni mawimbi dhaifu. Kivuli ni ugonjwa mwingine: matangazo yaleyale yamefika mara mbili, ya pili yamegonga kilima au jengo yakachelewa. Bahari nayo ina vituko vyake. Mawimbi yanayodunda majini huweza kuyafuta yale yaliyonyooka, na wakati wa bamvua, maji yakipanda na kushuka karibu mita 4, hesabu yote hubadilika.

Zanzibar ilipoanzisha runinga ya rangi mwaka 1973, miaka zaidi ya 20 kabla ya Bara kuwa na runinga yoyote, ilichukua mfumo wa PAL. Mjerumani Walter Bruch aliutangaza mwaka 1963. Ujanja wake ni mwepesi: sehemu ya rangi hugeuzwa kila mstari, runinga ikachanganya mistari miwili, na kosa la mmoja likafuta la mwenzake. Nyuso hazikugeuka kijani. Kivuli, hata hivyo, kilibaki.

Dawa yake ilikuwa Marekani tayari. Mwaka 1965 Robert Lucky wa Bell Labs alionyesha kipokezi kinachojirekebisha chenyewe. Simu za mkononi za GSM, ambazo Zanzibar ilizijua zaidi kampuni ya Zantel ilipoanzishwa mwaka 1999, zilikuja na wazo hilo: katika kila fungu la biti 148, biti 26 hazina ujumbe wowote. Simu inazijua kwa moyo. Huangalia zimefika zimepindaje, kisha huzinyoosha zilizobaki kwa kipimo hichohicho. Mtu wa juu ya paa amehamia ndani ya simu.

Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012. Kikaja king'amuzi cha dijitali, ambacho hupokea kila kipande cha data kikitanguliwa na nakala ya mkia wake, hivyo mwangwi huishia kwenye nakala na kuacha data salama. Chenga na vivuli vikaisha. Ila zamani picha mbovu ilitazamika. Sasa ni safi au imeganda.

Basi ikiganda, usikimbilie dukani kununua king'amuzi kipya. Ipandishe antena kwanza.