Waliofagia Mtwara Kabla ya Kadi

Historia ya Mtwara tuliyosoma shuleni ni ya karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi wao mkubwa, wakajenga bandari na reli ya kwenda Nachingwea, na mji ukapimwa barabara pana utadhani dunia nzima itashuka kesho melini. Mwaka 1951 mradi ukafa. Mji ukabaki, na mji ukishabaki lazima apatikane mtu wa kuufagia.

Mimi nataka kuandika habari za hao: wafagizi, wazibua mitaro, wapiga dawa ya mbu, makarani wa ushuru wa soko. Swali langu ni moja tu. Walipozeeka, nani aliwatibu?

Babu yangu mzaa mama alikuwa mzibua mitaro wa halmashauri ya mji. Anapohadithia ujana wake, hospitali ya Ligula ni mahali pa kwenda mikono mitupu. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, matibabu katika hospitali za serikali yalikuwa bure, kwa hiyo hakuna aliyejiuliza mstaafu atatibiwa na nini.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilivunja halmashauri za miji na kazi zake zikahamia mikoani. Taka zikalundikana, mitaro ikaziba. Kipindupindu kilipoitikisa nchi mwaka 1977 na 1978, ndipo watu walipokumbuka kwamba mzibua mitaro naye ni daktari wa aina yake. Mwaka 1978 sheria ikazirudisha halmashauri za miji.

Lakini heshima hiyo haikufika kwenye mafao. Watumishi wa halmashauri walikuwa na mfuko wao wa akiba, tangu enzi za mkoloni. Mwenzao wa Serikali Kuu, mwenye ajira ya kudumu, alipata pensheni kila mwezi. Wao walipewa fungu lao mara moja, basi, kwaheri. Mfuko huo uligeuzwa kwa sheria kuwa wa pensheni mwaka 2006, na mwaka 2018 ukaunganishwa na mingine kuwa PSSSF.

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Maradhi ya uzee hayaji mara moja yakaondoka. Presha na kisukari vinadai dawa kila mwezi, mpaka kaburini. Sasa mtu aliyelipwa mara moja atamlipaje mdai wa kila mwezi? Na tangu 1993 uchangiaji wa gharama ulikuwa umeanza kuingia katika hospitali za serikali, hatua kwa hatua.

Babu alistaafu 1998. Mshiko wake uliezeka nyumba bati, ukalipa madeni, ukaisha. Presha ikabaki. Mikorosho yake ikawekwa rehani, halafu ikauzwa.

Mwaka 1999, chini ya Rais Mkapa, mwana wa Lupaso, Bunge lilitunga sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, na mwaka 2001 Mfuko ukaanza kazi. Mtumishi anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza 3. Baadaye mlango ukapanuliwa: mwanachama akistaafu, yeye na mwenza wake wanaendelea kutibiwa bila kuchangia tena. Hili ni jambo kubwa, tusilibeze.

Ila Babu hakuwahi kukatwa hata senti, maana mshahara wenyewe ulikuwa umekoma. Rafiki yake waliyezibua naye mitaro, mdogo kwake kwa umri, alistaafu 2005. Wanakaa baraza moja pale Mikindani, wanacheza bao moja, wanaumwa ugonjwa mmoja. Mmoja ana kadi. Mwingine ana kumbukumbu.

Utaniambia, si kuna Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003? Ipo, na mzee wa miaka 60 asiyejiweza anastahili matibabu ya bure. Lakini mwenye mzee nyumbani anajua: kumwona daktari ni bure, dawa ikikosekana dirishani unaandikiwa cheti ukanunue duka la nje.

Tena Babu ana afadhali, jina lake lilikuwa kwenye daftari la mshahara. Wapo vibarua waliofagia miaka nenda rudi wakilipwa kwa siku. Hao hawana tarehe ya kustaafu, na hakuna mfuko uliowakata wala kuwangoja.

Mwaka 2023 imepitishwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Neno "wote" ni tamu mdomoni. Mimi nitalipima kwa kibarua mzee wa kule Chikongola ambaye hakuwahi kushika hati ya mshahara: siku atakayopewa dawa ya mwezi bila kuulizwa alistaafu lini, nitakubali kwamba neno limetimia. Mpaka hapo, washkaji wenye kalamu, wapo wazee mabarazani wanaojua mji huu ulijengwaje. Tukawaulize wangali hai.