Sehemu ya 6: Je, ilikuwa imeandikwa?

Juzi wodini bibi mmoja aliyekuja kumuuguza mkwewe aliniambia, "Nesi, aliyeandikiwa ameandikiwa, hata mnawe mikono mara mia." Sikubishana naye, ila neno lake nimelala nalo. Leo twende Vienna, Austria, mwaka 1846.

Hospitali kuu pale ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Walipokea kwa zamu: leo hii, kesho ile. Yaani siku uchungu unapokuanza ndiyo inakuchagulia wodi. Mwaka huo wodi ya kwanza ilipoteza akina mama zaidi ya 11 katika kila 100, wengi kwa homa ya uzazi. Ya wakunga hawakufika 3.

Wakubwa walisema ni hewa mbaya ya mji, hakuna la kufanya. Jamani, hewa gani inayochagua wodi? Akina mama wenyewe walishajua. Walipiga magoti wakiomba wasipelekwe ya kwanza. Wengine walijifungulia njiani, na hao homa iliwapata kwa nadra! Wasiosoma, maskini, lakini walichagua.

Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, alihangaika. Padri alikuwa akipita wodini na kengele kwenda kwa wanaokufa, basi akaombwa apite njia nyingine, huenda ni hofu inayoua. Wapi. Mwaka 1847 rafiki yake, Jakob Kolletschka, alichomwa na kisu wakati wa kupasua maiti, akafa kwa ugonjwa unaofanana na ule wa wazazi. Hapo akaelewa. Madaktari walitoka kwenye maiti wakaja moja kwa moja kuwapima wazazi. Wakunga hawakugusa maiti.

Mwezi Mei akaamuru wote wanawe kwa maji ya klorini. Aprili walikufa 18 katika 100. Juni, kama 2.

Sasa wewe niambie. Wale wa Aprili walikuwa wameandikiwa, wa Juni wakafutiwa? Bibi nakubaliana naye nusu. Siku ya uchungu hukuichagua, wala umaskini uliokuleta wodi ya bure. Daktari asiyejua naye, alikuwa na uchaguzi gani? Ila aliyeambiwa akakataa kunawa, na walikuwepo wengi, huyo simwiti kudra. Semmelweis mwenyewe alifariki 1865 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, wengi bado hawajamkubali.

Na nisiwadanganye. Nimeshawahi kumshika mkono mama ambaye kila kitu kilifanyika sawa, na bado akaondoka. Usiku ule sikuwa na maneno.

Leo asubuhi bibi kaniuliza sabuni iko wapi. Kanawa, kambeba mjukuu, bado anasema imeandikwa. Sehemu ya 7 nikitoka zamu ya usiku.