Kesi ya Herufi na Mwendo

Ukishika barabara itokayo mji wa Meru kwenda Maua, baada ya kilomita zipatazo 15 utafika Nchiru. Mahali hapa pana nyumba ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo Wameru wamelipelekea magomvi yao ya mashamba na mipaka kwa vizazi vingi. Hapa pia pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichojengwa juu ya ardhi iliyotolewa na wazee hao, kikapata hati yake ya chuo kikuu mwaka wa 2013. Nakuandikia habari ya kesi moja ambayo ingefaa kusikilizwa Nchiru, maana yataka masikio ya wazee na elimu ya vijana. Wadai wake ni wawili, Herufi na Mwendo, na shamba wanalogombea ni kiwambo cha kompyuta. Siku utakayoingia dukani kununua kiwambo chako, kwa fedha ya mzazi aliyeuza miraa au chai, wewe ndiwe utakayekuwa mwamuzi. Na mwamuzi asiyejua asili ya kesi hulipa gharama zake mwenyewe.

Herufi ataka utulivu. Ataka ncha zake zionekane kali, weusi wake uwe mweusi, na msomaji aweze kumtazama saa nne bila macho kuwasha. Mwendo ataka wepesi. Mpira upigwapo katika mchezo, ataka uonekane mpira, si ukungu wenye mkia. Wote wawili ni wateja wa mtu mmoja, kwani mwanafunzi aandikaye insha yake mchana ndiye achezaye kandanda ya kompyuta usiku.

Chanzo cha ugomvi ni mwaka wa 1897, wakati Karl Ferdinand Braun, mwanafizikia wa Kijerumani, alipotengeneza bomba la kioo ambamo mkondo wa elektroni hurushwa ukapiga kioo kilichopakwa unga. Unga hung'aa pale ulipopigwa, kisha nuru yake hufifia. Kwa hiyo picha ya bomba haidumu: hufa na kuchorwa upya mara nyingi kila sekunde, na jicho hudanganyika likadhani ni picha moja. Mtu akichagua unga unaofifia polepole, picha hutulia, lakini kila kitu kiendacho huburuta kivuli nyuma yake. Akichagua unga unaofifia upesi, mwendo huwa safi, lakini kurasa tulivu humetameta. Mzizi wa kesi ni huo.

Usidhani ya kuwa michezo ilidandia kompyuta baadaye kama abiria asiyelipa nauli. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 1958, katika maabara ya Brookhaven huko Marekani, William Higinbotham alionyesha wageni mchezo wa tenisi katika kioo cha duara chenye upana wa inchi 5 tu, kioo cha chombo cha kupimia umeme. Mwaka wa 1962 wanafunzi na mafundi wa chuo cha MIT wakapiganisha merikebu za angani katika kiwambo cha duara cha kompyuta yao. Mwendo, basi, ana haki ya mkaaji wa kale.

Hapa sharti nikueleze jambo la umeme, kwa sababu bila hilo hutafahamu kwa nini vibandiko vya dukani huandika 60 Hz. Umeme wa Kenya, kama wa Uingereza, hupigapiga mara 50 kwa sekunde. Wa Marekani mara 60. Mafundi wa kwanza wa televisheni waliona ni salama picha zao zifuate mapigo ya umeme wa nchi, ili mistari iletwayo na umeme isitambae juu ya picha. Hivyo televisheni ilipoanza Kenya mwaka wa 1962 ilifuata 50. Kompyuta ndogo za Marekani zilirithi 60 kwa televisheni za kwao. Leo kiwambo cha 60 Hz kinachochomekwa ukutani Nchiru hunywa umeme wa 50 na kuchora picha kwa hesabu ya mitambo ya umeme ya Marekani, wala hakidhuriki kwa hilo. Urithi una njia zake.

Kesi ilidhihirika mbele ya watu wote mwezi wa Agosti mwaka wa 1981. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, ilimwekea mnunuzi njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kiwambo cha rangi moja ya kijani, chenye herufi nzuri zilizochongwa katika kisanduku cha nukta 9 kwa 14. Kilichorwa upya mara 50 tu kwa sekunde, na ili kisimetemete kilipakwa unga unaofifia polepole. Nacho hakikuweza kuchora picha nukta kwa nukta. Ya pili ilikuwa njia ya rangi: nukta 320 kwa 200 zenye rangi 4, mara 60 kwa sekunde, lakini herufi zake zilibanwa katika nukta 8 kwa 8, kwato za mbuzi kwenye matope. Karani alinunua ya kwanza, mchezaji ya pili, na aliyetaka yote mawili alijuta kwa zamu. Sijui mfano mwingine ulio wazi kama huu.

Bomba likaja kufukuzwa na kiwambo bapa. Asili yake ni ya ajabu: mwaka wa 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea, alichunguza kitu kilichotolewa katika karoti, mboga ile ile ilimwayo Timau, akakikuta ni kiowevu na papo hapo kina tabia ya fuwele. Mwaka wa 1968 kundi la George Heilmeier katika kampuni ya RCA lilitangaza viwambo vya fuwele kiowevu. Fuwele hizi hazing'ai. Hugeuka tu zikaipisha au kuizuia nuru iliyo nyuma yake. Herufi alifurahi, kwa kuwa nukta hushika nuru yake mpaka iamriwe upya, na kumetameta kukaisha. Mwendo alilia, kwa kuwa fuwele huchukua muda kugeuka. Aina iitwayo TN iligeuka upesi, lakini ukiinamisha kichwa rangi zake huharibika. Aina ya IPS, iliyotolewa na Hitachi mwaka wa 1996, ilileta rangi za kweli na uzito wa miguu. Miaka imewakaribisha sana wawili hawa, na IPS za leo zina wepesi wa kutosha watu wengi. OLED, ambayo kila nukta yake hujiwakia yenyewe, humpa Mwendo karibu yote aombayo. Lakini maandishi yakikaa pale pale miezi mingi huweza kuacha alama isiyofutika, na kwa mtu wa kuandika kutwa hilo si dogo.

Sasa chukua hesabu za mwamuzi. Kiwambo cha inchi 24 chenye nukta 1920 kwa 1080 hupata nukta kama 92 katika kila inchi. Nukta hizo hizo zikitandazwa katika inchi 27 hubaki kama 82, na Herufi huanza kuonyesha meno. Inchi 27 zataka 2560 kwa 1440. Lakini kila nukta ni kazi kwa kadi ya picha: 1920 kwa 1080 ni nukta 2,073,600, na 3840 kwa 2160 ni mara nne yake. Kiwambo cha 144 Hz hubadili picha kila baada ya milisekunde 7 hivi, cha 60 baada ya karibu 17. Kompyuta isiyoweza kuchora picha 144 haifai kununuliwa kiwambo hicho kwa sifa. Tangu mwaka wa 2013, Nvidia ilipoanza, viko viwambo vinavyosubiri kadi imalize picha yake, vikaacha kabisa mapigo yale ya kale. Navyo humfaa hasa mwenye kompyuta dhaifu.

Kwa mwanafunzi wa Nchiru mwenye kiwambo kimoja kwa miaka minne, mimi ningempa Herufi ushindi mwembamba: inchi 24, IPS, na wepesi uzidio 60 ikiwa fedha inaruhusu. Ukifika dukani, mwombe muuzaji afungue ukurasa wa herufi ndogo nyeusi. Usome ukiwa umekaa, usome ukiwa umesimama kando. Kisha mwambie aushushe ukurasa kwa haraka, nawe tazama kama maneno yanaburuta mikia.