Solenoidi ya Nini?

Fundi akikuambia "solenoidi imekufa", usikimbilie kuuliza bei. Muulize kwanza: solenoidi ya nini? Gari moja la kisasa lenye giaboksi ya otomatiki linaweza kuwa nazo zaidi ya kumi, na gharama ya kubadilisha hii haina uhusiano wowote na ya ile.

Neno hilo alilitunga mwanafizikia Mfaransa André-Marie Ampère katika miaka ya 1820, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya mfereji au bomba. Alikusudia waya uliozungushwa mara nyingi hadi ukafanya umbo la bomba. Umeme ukipita ndani ya waya, uwazi wa katikati unapata nguvu ya sumaku. Vitabu vya fizikia vinaishia hapo: solenoidi ni koili. Gereji imeongeza mambo mawili, kipande cha chuma kinachovutwa ndani ya koili, na springi inayokirudisha umeme ukikatika. Mtu anaweza kutaka kuiita sumakuumeme, lakini neno hilo limekwisha kubeba relei, honi na hata kreni za kunyanyulia vyuma chakavu. Mimi naiacha solenoidi, ngeli ya I-ZI: solenoidi imeungua, solenoidi zimekwama. Wanaotamka "selenoidi" hawaharibu injini ya mtu, ila kwenye risiti iandikwe kwa herufi o.

Ya stata inaonekana kwa macho: ni kopo dogo lililokaa mgongoni mwa stata. Ukizungusha ufunguo, chuma chake kinasukuma gia ndogo ikashike meno ya flaiwili, na papo hapo kinagandamiza kisahani cha shaba juu ya vituo viwili, navyo vya shaba, ili umeme wa betri, ampea mia na zaidi, uingie kwenye mota. Kila unapowasha gari, shaba hiyo hupiga cheche na kulika kidogo. Ikishalika sana unasikia "ta!" moja kavu, taa za dashibodi zinawaka vizuri, injini haizunguki. Betri iliyochoka kwa kawaida hulia ta-ta-ta-ta mfululizo, kwa hiyo betri na vichwa vya waya vipimwe kabla ya kumlaumu mwingine. Kwenye stata nyingi za Denso zilizomo ndani ya Toyota, vituo hivyo vya shaba hununuliwa peke yake, na fundi umeme anaweza kuvibadilisha bila kubadilisha solenoidi nzima. Anayekuuzia stata nzima kwa ugonjwa huo anakuuzia nyumba kwa sababu ya kitasa.

Ya giaboksi ni kisa kingine. Kwenye magari mengi imejificha nyuma ya sampu, imezama kwenye oili, na kazi yake ni kufungua na kufunga njia za oili hiyo ili gia zibadilike. Kuifikia ni lazima oili imwagwe na sampu ishushwe. Wakati wa kufunga utahitaji gasketi, mara nyingi na filta, na oili ya aina ileile aliyotaja mtengenezaji. Yenyewe inaweza kuwa na bei ya kuvumilika huku ufundi na oili vikiipita kwa mbali. Baya zaidi, kwa baadhi ya magari haziuzwi mojamoja, unanunua seti.

Ndiyo maana kupima hakupaswi kurukwa. Kompyuta ikitoa kodi P0750, inasema kuna hitilafu kwenye solenoidi A ya kubadilishia gia au njia yake ya umeme, na waya uliokatika au plagi yenye kutu vinaweza kuileta kodi hiyohiyo. Fundi achukue mita: katika Toyota nyingi, solenoidi ya kufunga na kufungua ikiwa ya baridi husoma kati ya omu 11 na 15. Ikisoma sawa, bado chuma chake kinaweza kuwa kimekwamishwa na uchafu wa oili, na mita haitaliona hilo.

Wanaotafuta spea za mtumba pale Gerezani, Dar es Salaam, wapime vilevile kabla ya kulipa, na waione ikivuta inapopewa umeme. Ya stata ikigoma baada ya wiki, ni kufungua bolti chache tena. Ya giaboksi ikigoma, sampu inashushwa upya, gasketi inanunuliwa upya, na fundi analipwa mara ya pili.