Waraka wa 1968 na Suala la Uadilifu katika Ufundishaji wa Fasihi Nairobi

Waraka ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban Lo Liyong tarehe 24 Oktoba 1968 aghalabu husomwa kama tangazo la ukombozi wa kitamaduni. Makala haya yanadai kwamba ulikuwa pia hoja kuhusu maadili ya ualimu.

Mnamo Septemba mwaka huo, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi aliiwasilishia Bodi ya Kitivo cha Sanaa mapendekezo ya kuistawisha idara yake. Watatu hao hawakuteta pembeni. Walijibu kwa maandishi yenye majina yao, hoja kwa hoja. Swali lao la msingi lilikuwa la haki: je, ni uadilifu kumpima mwanafunzi wa Kiafrika kwa mizani ambayo kitovu chake ni fasihi ya Uingereza, huku fasihi simulizi aliyokulia ikisukumwa pambizoni? Walitaka Afrika iwe kitovu, na fasihi nyinginezo zisomwe kwa kuhusishwa nayo. Hatimaye Idara ya Kiingereza iliipisha Idara ya Fasihi.

Hata hivyo, uwazi huo haukuwa kinga. Mwaka 1969 Ngũgĩ alijiuzulu akipinga kuingiliwa kwa uhuru wa kitaaluma. Alirejea chuoni 1971, lakini Desemba 1977 akatiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Alipoachiliwa Desemba 1978, hakurudishiwa kazi yake. Aliyetetea haki katika ufundishaji alinyimwa haki ya kufundisha.

Funzo la mkasa huu halimhusu mwenye mamlaka ya dola peke yake. Kubadilisha mtaala si kumbadilisha mhadhiri. Aghalabu anayefundisha ndiye atungaye mtihani na kuusahihisha. Kwa hiyo mwalimu wa fasihi ya Kiafrika aweza kumwadhibu mwanafunzi kwa kutokubaliana na tafsiri yake, sawa na mwalimu wa Shakespeare. Mhadhiri anayedai uhuru wa mawazo mbele ya serikali, kisha akaunyima uhuru huo katika karatasi ya mtihani, anathibitisha kauli ya wahenga kwamba mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Waraka wa 1968 uliheshimu upande wa pili kwa kuutolea sababu. Mwanafunzi aliyepewa alama duni anastahili heshima iyo hiyo.