Lipi Litangulie? Habari za Baraza la Mji wa Birmingham

Watu wengi hudhani ya kuwa mji mkubwa hutawaliwa kwa neno la mkubwa mmoja. Akisema barabara ijengwe, hujengwa. Sivyo. Kila mwaka baraza la mji halina budi kukaa na kuhesabu fedha, na kwa kuwa fedha hazitoshi kamwe, wajumbe huulizana: Lipi litangulie, na lipi lingoje? Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika mji wa Birmingham, nchi ya Uingereza, zaidi ya miaka mia na arobaini iliyopita. Huko jibu liligeuka kabisa katika muda wa miaka michache, na maisha ya watu yakageuka nalo.

Birmingham ni mji wa mafundi wa chuma. Humo zilitengenezwa bunduki, vifungo, kalamu za chuma na skrubu, na mwaka 1871 walihesabiwa watu zaidi ya 340,000. Baraza lake lilianza mwaka 1838. Lilikuwa na madiwani 48 waliochaguliwa na walipa kodi, pamoja na wazee 16 waliochaguliwa na madiwani wenyewe. Diwani alikaa miaka 3, lakini theluthi yao walitoka kila mwaka mwezi wa Novemba, wakawekwa wengine au wakarudishwa wale wale. Hivyo kila mwaka mji ulipata nafasi ya kusema neno lake.

Kazi iligawanywa kwa halmashauri: moja ya barabara, moja ya askari polisi, moja ya afya, na nyinginezo. Kila halmashauri ilileta makisio ya matumizi ya mwaka ujao. Halmashauri ya fedha ikayajumlisha yote, ikatoa mapato yaliyotazamiwa, na salio likagawanywa juu ya nyumba za mji kwa kadiri ya thamani yake. Kama kodi iliwekwa shilingi 3 kwa kila pauni, basi mtu ambaye nyumba yake ilithaminiwa pauni 10 kwa mwaka alilipa shilingi 30. Hapa ndipo penye ugomvi wote. Kila daraja, kila taa, kila mfereji hugeuka kuwa shilingi katika mkono wa mtu fulani, naye mtu huyo ana kura.

Katika miaka ya 1850 walioshika baraza walikuwa watu wa kubana matumizi, na kiongozi wao alikuwa Joseph Allday. Walipenda kukutana katika nyumba ya pombe iliyoitwa Woodman, na huko shauri lao lilikuwa moja tu: kodi isipande. Hatuwezi kuwacheka sana, maana wengi wao walikuwa wenye maduka madogo, na kwao shilingi ilikuwa shilingi. Walakini mwaka 1857 walimwondoa mhandisi wa mji, J. Pigott Smith, ili kuokoa mshahara, na kazi ya mifereji ya uchafu ilisinzia. Mwaka 1858 mwenye shamba mmoja aliyekaa kando ya mto, upande wa chini wa mji, alilishtaki baraza kwa kumharibia maji yake, na baraza likashindwa mahakamani. Fedha zilizookolewa kwa mkono wa kulia zilianza kudaiwa kwa mkono wa kushoto.

Mageuzi yalianza kanisani, jambo ambalo twaona halisemwi vya kutosha. Mhubiri George Dawson, na baada yake R. W. Dale, mchungaji wa kanisa la Carr's Lane, waliwafundisha Wakristo wao ya kuwa kazi ya baraza la mji ni utumishi kwa Mungu, wala si kazi ya kuachiwa watu wa nyumba za pombe. Matajiri na wenye elimu, waliokuwa wakilidharau baraza, wakaanza kusimama wachaguliwe. Mmoja wao alikuwa Joseph Chamberlain, mwenye kiwanda cha skrubu, aliyeingia barazani mwaka 1869 akawa Meya tangu 1873 hata 1876. Ndiye yule yule aliyefika Mombasa mwezi wa Desemba 1902, akiwa Waziri wa Makoloni, akapanda gari la moshi kwenda bara. Wenyeji wa huku hawakuwa na kura ya kumpa wala ya kumnyima.

Chamberlain hakuanza na maji, ingawa maji ndiyo yaliyoua watu. Alianza na gesi ya taa. Makampuni mawili yalikuwa yakiuza gesi mjini na kupata faida nzuri, naye akalishauri baraza liyanunue yote mawili kwa mkopo, kwa bei iliyokaribia pauni milioni 2. Wengi walitetemeka kusikia deni kama hilo. Lakini mwaka wa kwanza faida ilikuwa pauni 34,000, fedha ambazo baraza halikumtoza mtu kodi ili kuzipata.

Ndipo yakaja maji. Nusu ya watu wa mji walitegemea visima, na visima vingi vilikuwa vimeingiwa na uchafu wa vyoo. Maji ya bomba ya kampuni yalitoka siku 3 tu kwa juma, na siku nyingine mtu alinunua kwa wachuuzi au alirudi kisimani. Mwaka 1876 baraza lilichukua kazi ya maji kwa pauni 1,350,000. Hapa twaomba msomaji aangalie sana. Chamberlain alisema ya kuwa gesi yafaa ilete faida, lakini maji yasilete faida kamwe. Kikizidi kitu, bei ipunguzwe. Kwa maoni yetu neno hilo ni kubwa kuliko majumba yote aliyojenga, kwa sababu lilitenga mambo mawili ambayo makarani wa hesabu huyaandika katika ukurasa mmoja.

Jambo la tatu lilikuwa vibanda vya katikati ya mji. Kwa sheria ya mwaka 1875 baraza lilinunua eka 50 hivi, likavunja nyumba mbovu na kupasua njia pana iitwayo Corporation Street. Vifo mahali pale vilikuwa 53 kwa kila watu 1,000 katika miaka ya 1873 hata 1875. Katika miaka ya 1879 hata 1881 vilishuka kuwa 21. Hesabu hiyo yapendeza, lakini watu waliohesabiwa mara ya pili si wale wa kwanza wote. Maskini waliovunjiwa walihamia vichochoro vya jirani, na mahali pao palisimama maduka mazuri. Nyumba za wafanya kazi zilizojengwa na baraza lenyewe zilingoja hata mwaka 1890, nazo zilikuwa 22 tu. Maduka yalitangulia, wenye vibanda wakangoja.

Mji ulipozidi kukua, baraza lilikwenda kutafuta maji katika bonde la Elan, nchi ya Wales. Mfalme Edward VII alifungua kazi hiyo mwaka 1904. Maji hushuka yenyewe maili 73 hata Birmingham. Watu wapata mia waliokaa katika bonde hilo walihamishwa, na waliolipwa fidia ni wenye ardhi tu.

Gesi ilichukuliwa na serikali ya Uingereza mwaka 1949, na maji yakatoka mikononi mwa baraza mwaka 1974. Mwezi wa Septemba 2023 baraza la Birmingham lilitangaza ya kuwa mapato yake hayawezi kutimiza matumizi yake. Serikali ilituma makamishna kulisimamia, na mwaka 2024 kodi ilipandishwa karibu asilimia 10. Mwaka ule madiwani walikaa tena juu ya makisio kama walivyokaa wenzao wa kale, lakini swali lililokuwa mezani lilikuwa lipi litangulie kukatwa: maktaba, kazi za vijana, au taa za barabarani. Maji ya Elan yangali yakishuka, ila auzaye si baraza.